Michango ya skuli za msingi imefutwa 2015, mbona huku Micheweni watoto bado wanarudishwa majumbani?

Assalam alaykum jamani. Nauliza na nnataka anojua anijibu, hivi ile michango ilofutwa 2015 ilifutwa kwa skuli za mjini tu? Maana huku kwetu Pemba, Zanzibar, wilaya ya Micheweni, wiki ilopita watoto wamepangwa mstari asubuhi, yakasomwa majina ya wasiolipa pesa ya mtihani, ukitajwa unatoka unasimama pembeni wenzako wanakutizama, kisha unaambiwa nenda kwenu kalete elfu mbili. Mtoto wa darasa la nne! Wangu alikuwemo. Saa tatu karudi nyumbani na mkoba wake, ukimuuliza hasemi kitu, mtoto wa jirani ndo kanieleza.

Nikenda skuli. Sikumgombeza mtu, nilimuuliza mwalimu mkuu kwa adabu hii pesa nani kaitoza na risiti iko wapi. Akanambia hii si pesa ya skuli, ni makubaliano ya kamati ya skuli na wazee wa watoto. Makubaliano gani? Mkutano unaitishwa asubuhi watu wako baharini na makondeni, wanakuja wachache, wanaambiwa kiwango kishapangwa, na ukinyanyua mkono kuhoji unaonekana hutaki maendeleo ya skuli. Nikalipa. Risiti nilopewa ni kikaratasi kimechanwa kwenye daftari, kimeandikwa 2,000 na tarehe, muhuri hakuna, jina la aliyepokea hakuna.

Na sio hiyo peke yake, kuna pesa ya mlinzi, kuna ya fotokopi, kuna ya maji, na darasa la sita wao kuna kambi, watoto wanalala skuli kujisomea kwa ajili ya mtihani, mzee utoe pesa na mchele juu yake. Mwenye watoto wanne afanyeje?

Najua atatokea mtu wa mjini aseme elfu mbili kitu gani. Njoo huku uone. Sehemu kubwa ni maweni, pa kulima ni vijisehemu, mwanamke anakaa juani kutwa anaponda mawe kwa nyundo apate kokoto, anaijaza ndoo kwa ndoo, ikishakuwa fungu inakaa hapo mpaka apite mwenye gari anayejenga, na bei anapanga yeye mwenye gari. Wengine mwani, wengine ngarawa. Mpaka karafuu zizae ndo watu wanashika pesa ya maana, na zikizaa watoto wenyewe madarasani huwaoni, wamefuatana na wazee wao mashamba, wakubwa wanachuma wadogo wanaokota mpeta, zile karafuu zilizoanguka chini. Halafu tunaambiwa wazee wa huku hawana mwamko wa elimu!! Mwamko tunao. Banda la madarasa tumelijenga kwa nguvu zetu, mchanga tumebeba vichwani, tukafika linta tukaambiwa basi serikali itamalizia. Majani yameota ndani. Watoto huku nje bado wanagawana mikondo, wa asubuhi na wa mchana, na wa mchana ndo hao chuoni kwenye Qur'ani hawaendi tena kwa sababu wakati wa chuo wako darasani.

Mwalimu mkuu simbebeshi mzigo wote, niwe mkweli. Yeye kakatazwa kuchangisha, ruzuku inamfikia ndogo tena imechelewa, chaki zikimaliza atazame mfuko wake, na matokeo yakiwa mabaya anaitwa yeye ajieleze. Kwa hiyo anapitia mlango wa kamati. Ninaowakasirikia khasa ni hao wa juu. Ukifuta mchango wa mzee basi pengo lile lijaze wewe, kwa wakati, kila skuli, hata ile ambayo gari ya wageni haifiki. Mchango ulikuwa unalipa vitu vya kweli, karatasi za mtihani, mlinzi, maji. Vitu hivyo havikufutwa. Nani analipa? Tunalipa sisi kwa njia ya uchochoro, bila risiti, na asiyenacho anadhalilishwa mtoto wake mbele ya skuli nzima.

Mzee Karume katangaza elimu bure 23 Septemba 1964, Mapinduzi hata mwaka hayajatimiza, nchi haina kitu. Miaka ya 90 ukaja uchangiaji, watu tukachangia mpaka tukachoka, 2015 tukaambiwa basi, msingi hakuna mchango tena, wallahi tulifurahi. Leo nchi ina skuli za ghorofa, nimeziona kwa macho yangu ni nzuri na sikatai kazi imefanyika, lakini karatasi ya mtihani ya darasa la nne inakosaje pesa?

Nnachotaka mimi ni kidogo. Ruzuku ikija ibandikwe ubaoni nje ya ofisi, imeingia kiasi gani na imetumikaje, kila mzee asome. Mitihani ichapishwe na wizara iletwe skuli. Na huu mtindo wa kusoma majina ya watoto mstarini ukome leo, mwenye deni ni mimi mzee wake, niiteni mimi.

Walioko Mkoani, Chake, na Unguja mashamba huko Makunduchi, Nungwi, semeni na nyie mnatozwa nini na kwa jina gani. Mwenye watoto wasiotozwa hata senti naye aseme, atutajie skuli yake inaendeshwa vipi.