MREJESHO: Galaksi tano za Stephan, hatimaye nimeziona kwa kina

Wakuu, salaam. Niliuliza namna ya kuliona kundi la galaksi tano la Stephan likiwa na mbele na nyuma, si bapa kama kalenda ukutani. Mkaniambia nichapishe picha mbili, katika moja niisogeze galaksi iliyo karibu, kisha kila jicho litazame picha yake.

Nilitumia picha ya darubini ya James Webb ya 2022. NGC 7320 (jina la orodha la galaksi ile ya kushoto) iko kama miaka ya nuru milioni 40 kutoka kwetu; mwaka wa nuru ni umbali ambao nuru husafiri kwa mwaka mmoja. Wenzake wanne wako karibu milioni 290. Kasi ndiyo iliyoiumbua kuwa haiko nao, maana galaksi iliyo mbali zaidi hutukimbia kwa kasi zaidi: yenyewe inatukimbia kwa kilomita 800 hivi kwa sekunde, wengine kati ya 5,700 na 6,700.

Jaribio la kwanza ni kichekesho. NGC 7320 ilizama nyuma ya wenzake kana kwamba imetoboa karatasi! Kumbe picha ya jicho la kushoto nimeiweka kulia. Nikazibadilisha, nikasimamisha kipande cha boksi kati ya pua na karatasi, nikalegeza macho kama mtu anayesinzia. Mara ikaja mbele. Mke wangu aliiona papo hapo. Mimi mwenye darubini ndiye niliyehangaika.

NGC 7320 niliisogeza milimita 3 tu kwenda kulia, kwenye picha ya kushoto. Milimita 5 zilinipa kichwa kuuma. Pengo lililobaki nililipaka makapeni nyeusi. Ile miwani ya nyekundu na buluu ya kuonea picha za kina sikuihitaji kabisa.