Tupeane uzoefu: Kilwa wageni wanafika, mtaji unapita

Mkazi wa Masoko
Juzi nilikuwa gatini Kilwa Masoko, meli ya watalii imetia nanga nje, na wageni wanashushwa kwa boti ndogo kwenda Kilwa Kisiwani kutazama Msikiti Mkuu, kasri la Husuni Kubwa na ngome ya Gereza. Alasiri wote walikuwa wamekwisharudi melini. Karibu yangu alikaa mama mmoja anayeuza pweza wa kukaanga, na sinia lake lilikuwa limejaa vilevile kama alivyolileta asubuhi. Kilwa haitafuti jina: msafiri Ibn Battuta alifika Kisiwani 1331 akausifu mji, na magofu ya Kisiwani na Songo Mnara yamo katika Urithi wa Dunia tangu 1981. Kwa nini basi mgeni halali kwetu, na mwenye fedha hajengi? Naomba waliojaribu kuweka mtaji hapa watueleze walikwama wapi.

Mjukuu wa Kivinje
Ndugu yangu, umenitonesha kidonda. Babu alituachia nyumba ya mawe ya matumbawe pale Kilwa Kivinje, yenye kuta nene, dari ya boriti za mikoko na mlango wa nakshi ambao watalii walikuwa wakiupiga picha hata bila kubisha hodi. Alipatikana mtu wa Dar es Salaam aliyetaka kuikodi kwa miaka 15, aikarabati na kuifanya nyumba ya wageni ya vyumba vitano, huku sisi tukilipwa kodi kila mwaka. Alipoomba kuona karatasi tukagundua kwamba mirathi ya babu haijafunguliwa tangu alipofariki, warithi tuko 14, wawili wako Zanzibar na mmoja hatujui aliko. Kila kikao cha ukoo kiliisha kwa ugomvi, kwa kuwa kila mmoja alikuwa na hesabu yake ya kodi ambayo haijalipwa bado. Ikaja pia habari ya Sheria ya Mambo ya Kale, kwamba jengo la namna ile huwezi kulivunja wala kulibadilisha bila kibali. Sikatai sheria hiyo, kwa sababu bila hiyo Kivinje ingekuwa imekwisha, lakini yule bwana alingoja miezi, kisha akaja kuniaga kwa adabu na kupeleka fedha zake kwingine.

Masika iliyofuata paa la upande wa bahari lilianguka usiku. Nilifika alfajiri, vumbi la chokaa limetanda juu ya majani ya mpapai, na boriti zimelala juu ya kitanda alichokuwa akilalia shangazi. Alhamdulillahi, yeye alikuwa kwa mwanawe. Lililoniumiza zaidi ya paa ni kwamba wiki mbili baadaye mlango haukuwepo. Binamu yangu alikuwa ameuuza.

Bi Shangani
Pole sana, kaka. Kwetu Mikindani, Mtwara, ni hayo hayo, nyumba zinaanguka na warithi wakiwa hai.

Mkulima wa Tandahimba
Mnawataja wageni wa mbali, lakini hata sisi wenyeji tumejaribu. Mtaji wetu ni korosho, na korosho ni msimu mmoja tu. Mwaka 2018 nilikuwa nimenunua kiwanja Mikindani na kupandisha gesti hadi kwenye lenta, nikitegemea mauzo ya Novemba. Serikali ikatangaza kununua korosho yote kwa shilingi 3,300 kwa kilo, nasi tukafurahi, lakini malipo ya wengi wetu yalichelewa mno. Fundi akaondoka, saruji ikagandia ndani ya mifuko, na lenta ile imeota majani hadi leo.

Msafiri wa Kusini
Niseme ukweli mchungu: watu wa kusini mnapenda kulalamika. Mwenye mtaji akikumbuka vurugu za Mtwara za 2013 atajenga kweli?

Bi Shangani
Mdogo wangu, chunga ulimi. Vurugu zile zilikuwa za bomba la gesi, na walioumia ni sisi tuliokuwa tukiishi Mtwara. Gesi ya Mnazi Bay inakwenda Dar es Salaam tangu 2015. Kule Lindi watu wanausikia mradi wa kuchakata gesi wa Likong'o kwa zaidi ya miaka kumi, na wapo walioshikilia viwanja vitupu wakingoja bei ipande. Anayetaka kujenga hoteli leo anatajiwa bei ya gesi ambayo haijaanza kuchakatwa.

Msafiri wa Kusini
Hilo la viwanja nakubali, dada yangu. Kwa neno la kulalamika naomba radhi.

Dereva wa Nangurukuru
Tuzungumzie barabara. Mei 2024, wakati wa Kimbunga Hidaya, nilikuwa natoka Dar es Salaam na wageni wanne waliokwishalipia usiku tatu katika nyumba ndogo ambayo mimi na mke wangu tuliikodi Masoko tukaitia samani kwa mkopo. Tulipofika Somanga tukakuta lami imekatika kama mkate, maji mekundu yanapita kwa kasi katikati, na upande wa pili mabasi yamepanga foleni yakitutazama. Tukalala ndani ya gari. Usiku mama mmoja kwenye basi lililokuwa nyuma yetu alishikwa na uchungu, wanawake wakamzungushia khanga, na mgeni wangu mmoja, ambaye kumbe ni mkunga kwao, akashuka na tochi ya simu. Mtoto alizaliwa kabla ya adhana ya alfajiri. Wageni wakarudi Dar es Salaam kwa njia tuliyojia, nami nikawarejeshea fedha zote. Kwa siku kadhaa hakuna aliyepita, samaki wakaoza kwenye friza kwa kukosa umeme, na rejesho la mkopo halikungoja.

Bi Shangani
Subhanallah! Mtoto na mama yake wako salama? Ni wa kike au wa kiume?

Dereva wa Nangurukuru
Wa kiume, na wote wazima. Wamempa jina la babu yake.

Mzee wa Pantoni
Hongereni. Lakini vijana, barabara isiwe kisingizio cha kila kitu. Kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa 2003 tulilala Rufiji tukingoja pantoni, na biashara tulifanya. Anzeni na vyumba viwili na jenereta, hati itafuata.

Mkulima wa Tandahimba
Mzee wangu, kwa heshima zote, hapana. Bila hati benki haikusikilizi, na barua ya serikali ya kijiji pekee haikumlinda jirani yangu. Hati kwanza, tofali baadaye.

Msafiri wa Kusini
Mimi naona msijenge kabisa. Nunueni boti nzuri, muwalaze wageni katika nyumba zenu.

Mkazi wa Masoko
Huyo mama wa pweza ana chumba kizuri cha uani, kisafi, chenye neti. Nimemuuliza kwa nini hapangishi wageni. Amenijibu kwamba hajui leseni inaombwa ofisi gani, na hajawahi kumwona mtu wa kumuuliza. Nitakwenda naye wiki hii halmashauri. Mjukuu wa Kivinje, mirathi umefikia wapi?

Mjukuu wa Kivinje
Nimepata cheti cha kifo cha babu. Warithi 13 wamekubali kusaini, na Jumatatu tunakwenda mahakama ya mwanzo. Anayemfahamu aliyenunua mlango wa nakshi wenye mnyororo na mayungiyungi, ukingo wa kushoto umeliwa na mchwa, anijulishe. Nitaukomboa.