Tupeane uzoefu: taka ulizozibeba, ulizozikuta au ulizoziacha mlimani

Mgumu wa Machame
Habari za jioni wakuu. Leo mwanangu wa miaka 6 kala biskuti, karatasi akaitupa kwenye mfereji. Nimemfokea mpaka mama yake katoka jikoni kuuliza kuna nini. Nikashindwa kumjibu, maana hasira ile haikuwa ya mtoto.

Nimebeba mizigo Kilimanjaro misimu 9. Mwaka 2016, kambi ya Barafu, wateja wanajiandaa kwenda kileleni, nikakabidhiwa gunia la taka nililinde hadi asubuhi. Mnaujua upepo wa Barafu. Nililibana kwa jiwe pembeni ya hema la mpishi. Saa nane usiku jiwe likateleza, gunia likapasuka. Kulipokucha mteremko wote chini ya kambi ulikuwa mweupe: tishu, waipsi, maganda ya pipi, maboksi ya juisi. Wale kunguru wakubwa wenye shingo nyeupe wameshaanza kuchambua. Nikaokota kama saa moja, vidole havihisi kitu. Kiongozi akaniita, "Acha bwana, wateja wanarudi, tunakunja kambi." Nikaacha zaidi ya nusu.

Geti la Mweka taka zinapimwa. Gunia langu likawa jepesi mno. Kabla hatujafika, mwenzetu mmoja akaniambia nitulie, akatia mawe mawili katikati, akafunga kamba. Mzani ukakubali, ujira nikapata, na taka zikabaki juu kule. Sijawahi kumsimulia mtu mpaka leo. Wenzangu, ninyi mna yapi?

Mzee wa Londorosi
Mawe. Nilidhani ni sisi wa njia ya Lemosho tu.

Neema wa Temeke
Kaka umenigusa. Mimi nilipanda na wenzangu wa kazini, tukalenga kufika kileleni tarehe 9 Desemba, Siku ya Uhuru. Kuanzia kambi ya Shira kwenda juu hakuna kichaka cha kujisitiri, na kila mwanamke aliyepita pale ananielewa. Choo cha kambi kiko mbali, na mwendo kati ya kambi na kambi ni wa saa 6. Unatafuta mwamba. Ukifika nyuma ya mwamba unakuta karatasi za wenzio. Na mimi niliiacha yangu, nikaifunika kwa kijiwe, nikajipa moyo kwamba itaoza. Kwenye baridi na ukavu ule inaoza lini?

Safari ya pili nilibeba kopo lenye mfuniko, nikaweka majani makavu ya chai ndani kukata harufu. Tishu zote zikarudi nami hadi Moshi. Dada zangu, kopo halina uzito wowote.

Simba Mzee
Kopo la nini dada? Washa kiberiti, sekunde 5 imeisha.

Mtoto wa Kilema
Simba Mzee, nakuomba kwa heshima ulifute hilo neno. Sikuwa na nia ya kuandika kwenye uzi huu ila umenilazimisha.

Jumapili tarehe 11 Oktoba 2020 nilikuwa nyumbani. Jioni tukaona moshi juu, eneo la Whona, kati ya kambi za Mandara na Horombo. Usiku haukuwa moshi tena, ulikuwa mstari mwekundu, na bibi yangu kakaa uani anauangalia bila kusema neno. Kesho yake vijana wa kijiji tukapanda. Tulipandishwa na gari mpaka liliposhindwa, tukamalizia kwa miguu. Nilikuta mamia ya watu: askari wa hifadhi, wanafunzi wa Chuo cha Wanyamapori Mweka, wapagazi, wakulima wenye mapanga ya migombani.

Silaha yetu kubwa ilikuwa matawi mabichi. Unapiga, unarudi nyuma kuvuta hewa, unapiga tena. Ile miti ya erika ina mafuta, ikishika inalia kama mahindi kwenye kikaango. Mbaya zaidi ni ardhi. Udongo wa kule umejaa mizizi na majani ya miaka mingi, kwa hiyo moto unashuka ndani. Mnaushinda jioni, mnashangilia, mnalala kwa zamu. Alfajiri unatokea mita 20 nyuma yenu kana kwamba hamkufanya kitu. Siku ya tatu nilimkuta panya mmoja, wale wa mistari mgongoni wanaoingia mahemani Horombo, kasimama juu ya jiwe, pande zote jivu. Hakukimbia. Nilimwangalia nikalia, mtu mzima nina ndevu.

Uliendelea zaidi ya wiki. Hifadhi walisema kilometa za mraba 95.5 ziliteketea. Ukanda ule wa erika na msitu chini yake ndio unaokamata ukungu ukawa maji ya mifereji yetu. Bibi alikuwa anaangalia maji yake yanaungua. Kwa hiyo, kaka, kiberiti kiache nyumbani.

Neema wa Temeke
Nimesoma mara mbili. Pole sana na asante kwa kazi mliyofanya.

Simba Mzee
Nimekubali, nimekosa. Samahani Mtoto wa Kilema. Ila tuseme ukweli wote: taarifa za mwanzo zilisema moto ule ulianzia kwa wapagazi waliokuwa wanapasha chakula. Mbona mtalii ndiye anahubiriwa kila siku?

Mgumu wa Machame
Ndugu, swali lako ni halali, ila jiulize kwa nini mpagazi anawasha moto. Kuni zimekatazwa hifadhini na kila mgumu, yaani mpagazi, anajua. Mimi nimelala na watu 11 kwenye hema la kulia chakula, mmoja wetu ana koti, mlo ni mmoja kwa siku, jiko la gesi ni la wateja. Saa 10 alfajiri baridi inakupa akili mbaya. Kampuni inayompa mtu hema, nguo na chakula cha moto imeshazuia moto. Unayemlipa ndiye mwenye kujibu hayo.

Kiongozi 5895
Hapana mkuu, umasikini usiwe kibali cha kuchoma mlima. Mimi nilianza na begi la watu na viatu vya kuazima, sikuwasha hata njiti.

Mgumu wa Machame
Sijasema kibali. Nimesema chanzo.

Mzee wa Londorosi
Wote wawili mko sahihi. Oktoba 2022 ukawaka tena karibu na kambi ya Karanga. Oktoba ni ukavu, mvua za vuli bado. Miezi hiyo kiongozi akague kila hema la wapagazi usiku, na akague chakula chao pia.

Mjukuu wa Naro Moru
Kwetu Mlima Kenya shida kubwa ni nyayo. Njia ya Naro Moru ina ule mteremko wa kinamasi, kila mtu anakwepa tope kwa kupita pembeni, kesho yake pembeni nako ni tope. Njia inanenepa kila msimu na mimea inakufa. Mimi nawaambia wageni wangu wapite katikati ya tope, viatu vinafuliwa.

Kiongozi 5895
Katikati unamvunja mtu mguu. Weka mbao.

Mjukuu wa Naro Moru
Mbao zinaoza na kuteleza, nimeziona. Vaa gaita, vile vifuniko vya miguu vya kufika magotini, upite tope katikati.

Nahodha wa Nungwi
Na baharini jamani? Kisiwa cha Mnemba wageni wanasimama juu ya matumbawe kwa mapezi yao wapigwe picha. Tawi lililokua miaka linavunjika kwa kisigino kimoja. Na kuna manahodha wanatupa nanga popote badala ya kufunga kwenye boya. Nilimkataza mgeni mmoja, akalalamika kwa mwenye boti, nikakatwa siku.

Simba Mzee
Nahodha, uzi ni wa mlima.

Nahodha wa Nungwi
Sawa, mlima. Ila taka zenu zikishuka na mto Pangani zinafika wapi?

Binti wa Sinza
Shikamooni. Januari naongoza wanakwaya 14, njia ya Marangu, wote mara ya kwanza. Nifanye nini hasa? Nimechanganyikiwa.

Mzee wa Londorosi
Marahaba binti. Chupa za plastiki za kutumia mara moja haziruhusiwi, kila mtu awe na chupa yake ngumu. Biskuti zifungueni Moshi, mzihamishie kwenye makopo, maganda yabaki mjini.

Neema wa Temeke
Na makopo ya wasichana usiyasahau.

Mgumu wa Machame
Kabla hujalipa, uliza wapagazi watalala wapi na watakula mara ngapi. Beba mzani mdogo wa mkono, ule wa kupimia mabegi. Pima gunia kila asubuhi mbele ya wote, uzito uuandike. Gunia lifunge ndani ya gunia jingine, usiku lilale ndani ya banda. Na siku ya kushuka, lifungue mwenyewe kabla ya geti.

Binti wa Sinza
Nimeandika. Mzani nanunua kesho Kariakoo.