Ukoo wa Mvumi: mguu wa Nee

06:12 Shangazi Tabu: Mbukwenyi ukoo. Kama mlivyosikia jana, Nee bado anachechemea na onesho lao la sarakasi la Nanenane limebaki wiki mbili na siku tatu. Naomba LEO tukubaliane. Ijumaa nampeleka kwa yule mzee wa Chang'ombe anayechua. Kila nyumba elfu kumi. Fulana ziko pale pale, nimeshalipia nusu. Majibu kabla ya saa nne.

10:41 Shangazi Tabu: Ukoo???

10:42 Shangazi Tabu: Naona tiki za bluu kumi na nne.

11:05 Erasto: Shangazi shikamoo, yangu ni ya kijivu, sijasoma bado

11:05 Shangazi Tabu: Erasto usinianze.

12:33 Mama Nee: Wifi samahani, nilikuwa sokoni Majengo. Ni mguu ule ule wa kushoto. Panauma kwenye uvungu wa unyayo, upande wa ndani. Asubuhi akishuka kitandani anakanyagia ubavu, akishazunguka zunguka unalegea. Akitoka mazoezini jioni unarudi. Umeanza tangu walivyoongezewa mazoezi, walikuwa siku mbili kwa wiki sasa ni tano, sababu ya onesho.

12:36 Baba Mdogo Lazaro: Tano? Hata Yanga wanapumzika

12:37 Erasto: Simba ndo wamepumzika zaidi baba

12:37 Baba Mdogo Lazaro: We mtoto unakula kwangu

12:38 Shangazi Tabu: MADA NI MGUU.

14:10 Happy Moshi: Mama shikamoo, shikamooni wote. Nimetoka zamu wodini sasa hivi. Kabla hamjachanga naomba niulize. Anti, mbonyeze kwa kidole kimoja. Ni pale chini tu, au kuna mfupa mmoja anaoweza kuuonyesha kwa ncha ya kidole? Hasa juu ya mguu, katikati.

14:12 Shangazi Tabu: Happy mwanangu, huyo mzee alimponyesha mpaka mke wa mchungaji.

14:12 Happy Moshi: Mama, subiri kidogo.

14:31 Mama Nee: Ni chini. Mstari mzima kuanzia karibu na kisigino. Juu hapaumi, nimebonyeza mpaka amecheka.

14:33 Happy Moshi: Hapo nimepumua. Pangeuma juu ningesema hospitali leo leo. Wanaoruka na kutua kila siku, mfupa wa pale hupasuka pole pole, na eksirei ya kwanza inaweza isionyeshe kitu. Umevimba? Unamwamsha usiku? Kuna kinundu kigumu upande wa ndani?

14:40 Mama Nee: Hakuna. Analala mpaka anakoroma.

14:41 Happy Moshi: Alowanishe miguu akanyage saruji kavu, upige picha.

14:52 Mama Nee: [Picha]

14:53 Erasto: Hiyo chapati ya nani

14:54 Baba Mdogo Lazaro: Mguu wa ukoo huo. Tazameni wa Babu, wangu, wa marehemu baba mkubwa. Sisi tukipita matopeni mtu anadhani bata

14:55 Stella: 😂😂😂

14:58 Happy Moshi: Asimame kwa vidole. Uvungu unatokea?

15:03 Mama Nee: Unatokea kabisa.

15:09 Happy Moshi: Basi ni unyayo bapa ulio laini, watoto wengi wanao na peke yake si ugonjwa. Kilichomuumiza ni kutua pekupeku kwenye saruji yenye kigodoro chembamba, siku tano. Chini ya unyayo kuna utando mgumu kutoka kisigino mpaka vidoleni. Kila akitua unavutwa, na asipopumzika haupati nafasi ya kupona. Vigimbi vikikaza ndiyo unavutwa zaidi.

Kuruka na kutua aache wiki mbili tatu, halafu arudi kidogo kidogo. Mazoezi mengine aendelee, kunyoosha viungo, mikono, tumbo. Chupa ya maji igande, aiviringishe chini ya unyayo akiwa na soksi, dakika kumi hadi kumi na tano. Vigimbi anyooshe ukutani, goti limenyooka, kisigino kisinyanyuke, sekunde 30 mara tatu. Taulo sakafuni alivute kwa vidole. Na nyumbani asitembee peku, avae raba.

Kumchua taratibu hakuna shida. Kumvuta na kumkunja mguu ndiyo sitaki, mama.

15:20 Mama Nee: Asante mwanangu. Ila friza imejaa barafu za ubuyu na LUKU imebaki yuniti nne 🙈

15:21 Baba Mdogo Lazaro: Shemeji aviringishe hizo hizo za ubuyu

15:21 Erasto: Ladha ya Nee, mia tatu

15:22 Mama Nee: Shemeji wateja wangu wamo humu!!

15:30 Shangazi Tabu: Wiki mbili tatu umehesabu Happy? Ndiyo Nanenane yenyewe. Na Nee ndiye anayekaa juu ya piramidi. Nimeshawaambia watu wa kanisani waje Nzuguni.

15:34 Baba Mdogo Lazaro: Asubuhi ya tarehe 8 anywe diklopa, acheze, baadaye apumzike mwezi mzima

15:36 Happy Moshi: Hapana ba'mdogo. Dawa inaficha maumivu, haiponyi. Atatua toka juu kule bila kusikia kitu halafu kesho yake hakanyagi.

15:37 Shangazi Tabu: Mmh. Haya. Elfu kumi bado zinahitajika.

20:47 Baba Nee (Singida): Nilikuwa barabarani, nimesoma yote sasa. Dada, hizo fulana umelipia nusu kwa hela ya nani?

20:49 Shangazi Tabu: Yangu.

20:50 Baba Nee (Singida): Hata ya bati ulisema yako.

20:52 Shangazi Tabu: Ujumbe huu ulifutwa

20:53 Shangazi Tabu: Ujumbe huu ulifutwa

20:55 Shangazi Tabu: Yohana, stakabadhi ninazo. Nilikuambia njoo uzione. Miaka miwili hujaja.

20:58 Baba Mdogo Lazaro: Jamani, mguu

21:26 Stella: Shikamooni. Babu amenituma niandike kama alivyosema, nisipunguze. Anasema:

Nimesomewa. Bati ziko juu ya kichwa changu, mvua imenyesha sikulowa. Hilo limekwisha. Tabu, goti lako linalokusumbua kila masika, ulikuwa darasa la sita, ulisema baba linauma. Mimi nikakwambia kimbia. Nilitaka kile kikombe. Mpaka leo kipo hapa kabatini, kina misumari. Mtoto asiruke. Mama yake ndiye atakayesema siku ya kurudi.

Amemaliza.

22:14 Baba Mdogo Lazaro: 🙏

22:20 Mama Nee: Asante baba, nimesikia. Nee naye amesikia, amejifungia chumbani. Anauliza juu ya piramidi atakaa nani.

05:58 Shangazi Tabu: Mbukwenyi. Kwa mzee wa Chang'ombe tumeahirisha. Sijasema tumefuta.

06:01 Shangazi Tabu: Yohana, wiki tatu zikipita bado anachechemea ataenda kupiga picha. Kadi ya bima unayo wewe. Utaituma na nani?

06:02 Shangazi Tabu: Fundi wa fulana anaanza kuchapa saa nne. Jina la Nee libaki au litoke?

09:47 Shangazi Tabu: Ukoo???

09:55 Erasto: Yangu iwe L shangazi

10:30 Shangazi Tabu: Nimegandisha chupa mbili kwenye friza yangu. Nani anatoka Kisasa kwenda Nkuhungu leo?