Mashine ya boti ikikataa kuwaka, kosa lilikuwa wapi? Tupeane uzoefu

Wakuu, tupeane uzoefu. Sitaki habari za pistoni iliyovunjika, hiyo ni kazi ya fundi. Nataka zile za mashine nzima, jana imefanya kazi, leo unavuta kamba mpaka bega linataka kung'oka na haiwaki.

Naanza, na mtanicheka. Nilizima mashine nikashuka majini kusukuma chombo kitoke kwenye kina kifupi. Kupanda tena, navuta mara kumi, mara ishirini, kimya. Nikafungua plagi, nikazifuta, nikazirudisha. Kimya. Maji yanakupwa, chombo kinaanza kukalia mchanga. Mtoto wa kaka yangu, ana miaka tisa, akaniuliza, "Baba mdogo, hicho kinachoning'inia mkononi ni cha nini?" Kile kibanio chekundu cha kamba ya usalama, ile inayozima mashine ukidondoka! Nilishuka nacho. Kikitoka kwenye swichi yake, plagi hazipati moto, hata uvute mpaka kesho.

—

Yangu ni pumzi ya tangi. Mashine inawaka vizuri, dakika chache inalegea kama mtu anayesinzia, inazima. Nabadili chujio, bado. Nafungua kabureta baharini na mawimbi yale, skrubu moja ikaenda kwa samaki. Kumbe ile skrubu ya hewa juu ya kifuniko cha tangi niliifunga wakati wa kulibeba na sikuifungua. Petroli inatoka, hewa haiingii, mwisho tangi linagoma kutoa. Nilipoilegeza likavuta pumzi, fyuuu, kwa sauti.

Siku hizi naangalia kwanza ule mpira wa kupampulia mafuta, ulio kwenye bomba la kutoka tangini. Ukibonyea na kubaki bapa, njia ya kutoka tangini imeziba au tangi halina pumzi. Ukiuminya na haukazi kabisa, ama tangi ni tupu ama kuna mahali panavuta hewa, mara nyingi kwenye kiungio cha mpira.

—

Mshale wa kwenye huo mpira unaelekea kwenye mashine. Mimi niliufunga kinyume. Sina la kuongeza.

—

Mimi ni mtu wa choki, ile ya kubana hewa mashine ikiwa baridi. Nilikuwa naivuta kila mara nikidhani naisaidia mashine, kumbe naizamisha. Ukinusa petroli na plagi ikatoka imelowa, imekunywa mafuta. Rudisha choki, kausha plagi, zungusha mashine mara kadhaa matundu ya plagi yakiwa wazi ili yapumue. Kisha shikilia plagi kwenye chuma karibu na tundu lake, mwenzako avute, uone kama inatoa cheche.

—

Mkuu hapo juu, hiyo ya mwisho USIFANYE. Karibu na tundu ndipo mvuke wa petroli unapotoka. Nyusi zangu ziliondoka hivyo hivyo. Wakati wa kupumulisha matundu, kibanio cha usalama kiwe kimetolewa ili kusiwe na cheche yoyote. Cheche ipime baadaye, mvuke ukishaisha, plagi iguse chuma mbali na matundu.

—

Nyie wa petroli mna raha. Yangu ni dizeli, iliishiwa mafuta katikati ya safari. Nikajaza tangi, nikapiga stata, haishiki, mpaka betri ikachoka. Hewa ilishaingia kwenye njia ya mafuta. Legeza skrubu iliyo juu ya chujio, pampu kwa mkono mpaka mapovu yaishe na yatoke mafuta matupu, kaza mafuta yakiwa bado yanatoka. Ikigoma bado, legeza kidogo nati za mabomba kwenye nozeli (zile zinazopulizia mafuta kwenye silinda), piga stata mpaka mafuta yatoke, kaza.

Na hili liliniponza: kama moshi wa mashine yako hutoka pamoja na maji ya kupozea, kupiga stata mara nyingi bila kuwaka kunajaza maji kwenye silensa, na yanaweza kurudi mpaka ndani ya silinda. Funga valvu ya maji ya bahari wakati unahangaika. Ikiwaka tu, ifungue haraka kabla haijachemka.

—

Stata ikilia tak! na kunyamaza, usikimbilie betri mpya. Nilipima kwenye nguzo za betri, volti 12.6, imejaa, na nikipiga stata haishuki sana. Nikahamisha kipimo kwenye vibanio vya waya, nikapiga stata, namba ikaporomoka. Umbali wa unene wa ukucha! Unga wa kutu ulikuwa katikati. Nikakwangua kwa kisu, nikakaza, ikawaka mara moja.

—

Mwanzisha mada, yule mtoto bado unatoka naye?

—

Ndiye anayekaa karibu na mashine sasa. Kibanio cha akiba anacho yeye.