Tupeane uzoefu: kutoka Kilimanjaro hadi Pangani, mlima umekuamulia nini maishani?

Kihamba Juu:
Wakuu, mwenzangu wa Tabora akiulizwa kwao anataja kilomita. Sisi wa mlimani tunasema juu na chini, basi. Nyumbani ni juu kwenye kihamba: migomba, kahawa chini ya migomba, ng'ombe zizini. Mahindi na maharage yako chini tambarare. Ng'ombe wa juu anakula majani ya chini, na anayeyapandisha kichwani ni mama. Watu wakija wanasifia kihamba, eti bustani ya Edeni, hakuna anayeuliza shingo ya nani imeibeba hiyo bustani.

Halafu makorongo. Zamani kumfikia jirani wa mgongo wa pili ilibidi ushuke korongo refu kisha upande tena, kwa hiyo mlima mmoja ukawa na wamangi (machifu) wengi, kila mtu na vita vyake: Sina Kibosho, Rindi Old Moshi, Marealle Marangu. Mpaka leo Mmachame na Mrombo wakiongea kila mtu Kichaga chake, haichukui muda wanahamia Kiswahili.

Leteni ya kwenu. Wapare, Wasambaa, watu wa Pangani, karibuni.

Mrombo Halisi:
Kabla hujaendelea, mkuu, useme "mlimani upande wa kusini". Mvua nyingi inawashukia nyie wa Machame na Kibosho. Kwetu mito mingi ni korongo kavu hadi mvua inyeshe. Utoto wangu wote ni ndoo.

Ndiva:
Upareni ni hivyo hivyo. Mawingu yanatoka baharini, yanagonga mlima upande wa mashariki, na huko Gonja na Ndungu wanalima mpunga. Sisi wa Hedaru na Makanya tuko mgongoni mwa mlima, tunabaki na vumbi na mkonge.

Ndiyo maana wazee walichimba ndiva. Kwa msioijua, ni bwawa dogo la udongo na mawe. Kijito kikiwa chembamba, ukikielekeza moja kwa moja shambani maji yanapotelea njiani. Sasa unayakusanya usiku kucha, asubuhi unazibua, yanatoka kwa nguvu hadi shamba la mwisho. Kila familia ina zamu yake. Baba alikuwa tayari mferejini kabla ya jua na jembe begani, maana jirani akichepusha maji kidogo tu, ugomvi wake unadumu kuliko kesi ya mpaka. Kwetu ukitaka kujua nani ana sauti kijijini, usiangalie nyumba, angalia nani anazibua ndiva.

Na Kihamba Juu usijivune sana. Mlima wenu una kila kitu isipokuwa chuma. Waliokuwa wanakiyeyusha kutoka kwenye mchanga ni wa Ugweno, huku Upareni, na babu zenu walikuja kwetu kutafuta majembe na mikuki.

Mzee wa Mombo:
Mimi nimekulia chini ya Usambara, kwenye joto. Lushoto iko juu ya vichwa vyetu. Unapanda gari Mombo ukiwa umefungua vifungo vya shati, kona baada ya kona, ukifika Soni unaulizia sweta. Nimeishi kwa tofauti hiyo ya hewa: kabichi, karoti, plamu na peasi zinashuka kwenda Dar, na mimi napandisha samaki wakavu, chumvi na nguo. Wajerumani nao walifuata baridi hiyo, wakajijengea mji wakauita Wilhelmstal. Ndiyo Lushoto hiyo.

Ila historia ya kwetu inanifurahisha kwa jambo moja. Kimweri ye Nyumbai, mfalme wa Wasambaa, alitawala akiwa Vuga, juu, penye mvua na usalama. Alipofariki miaka ya 1860, mwanawe Semboja akawa na makao Mazinde, huku chini kwenye joto. Kwa nini? Misafara ya biashara kutoka Pangani ilipita tambarare, na bunduki zilikuja na misafara. Aliyekaa njiani akawa na nguvu kuliko aliyekaa kileleni. Reli nayo ikafuata tambarare: ilianza Tanga mwaka 1893, ikafika Moshi mwaka 1911. Leo hii Korogwe, Mombo na Same zote ziko chini, na Vuga watu wanaiulizia njia.

Ng'ambo ya Bweni:
Nyie mnabishana juu na chini, sisi Pangani ndio chini ya wote. Mto unaanzia Kilimanjaro na Meru, unaingia bwawa la Nyumba ya Mungu, unazungusha mitambo ya umeme Hale, ndipo unatukuta.

Huku mto ni kila kitu. Hospitali iko ng'ambo ya pili, kivuko kikiharibika unaita mtumbwi na kumwomba Mungu. Misafara iliishia hapa ndiyo sababu mji ulitajirika, na ndiyo sababu Wajerumani waliutaka, na Abushiri akasimama kuwapinga mwaka 1888. Mkonge wa Ndiva pia umepitia kwetu: Mjerumani Hindorf aliuleta kutoka Florida mwaka 1893, ikapona miche 62 tu, ikapandwa Kikogwe, huku huku Pangani.

Shida yetu sasa ni chumvi. Maji ya mto yakipungua, bahari inapanda mtoni. Shamba la bibi lilikuwa kando ya mto, tukawa tunaonja maji kwanza kabla ya kumwagilia.

Ndiva:
Pole dada. Lakini usitutupie sisi lawama, ndiva inajaa usiku asubuhi imekwisha. Waulize wenye mashamba makubwa ya tambarare.

Ng'ambo ya Bweni:
Sijamlaumu mtu, kaka. Naulizia tu zamu yetu ni siku gani.

Mzee wa Mombo:
Hiyo inapangwa na Bodi ya Maji ya Bonde la Pangani, wao ndio wanatoa vibali vya kutumia maji ya bonde zima. Ofisi yao iko Moshi. Juu, kama kawaida.

Kihamba Juu:
😂 Watu wa Arumeru mbona kimya? Mto unaanzia kwenu pia.