Chagos: hifadhi ya bahari, au kufuli la kuwazuia wenyeji?

Wadau, tangu Uingereza na Mauritius zisaini Mei 2025 mkataba wa kuikabidhi Mauritius visiwa vya Chagos, kule Bahari ya Hindi, kuna hoja inarudiwa sana: wenyeji wasirudi, maana bahari ile ni safi mno na binadamu ataiharibu. Naipinga.

Wenyeji wale, wengi wao vizazi vya watumwa waliotolewa Msumbiji na Madagaska, waliishi kwa kukausha mbata na kuvua. Kati ya 1968 na 1973 Uingereza iliwaondoa wote kupisha kambi ya jeshi la Marekani kisiwani Diego Garcia. Mbwa wao walifungiwa kwenye banda la kukaushia mbata, wakauawa kwa moshi wa magari. Kisha matumbawe yakachimbwa ili kujengea uwanja wa ndege. Mwaka 2010 Uingereza ikatangaza hifadhi ya kilomita za mraba 640,000, uvuvi wa biashara marufuku. Diego Garcia na maji yake, hadi maili tatu za baharini, vikaachwa nje! Mwaka 2015 jopo la usuluhishi likaamua kwamba hatua ile ilikiuka sheria ya bahari.

Mtaniambia mashamba ya minazi yalimaliza msitu wa asili, na panya waliofika na meli wanakula mayai ya ndege. Ni kweli, na jambo hilo ni zito. Utafiti wa 2018 ulionyesha kwamba visiwa visivyo na panya vina ndege wa baharini wengi mno. Kinyesi chao huingia baharini kama mbolea, na samaki wa kwenye matumbawe hukua haraka zaidi. Lakini watu waliondoka, panya wakabaki. Wapo mpaka leo, kwenye minazi inayojiotea ovyo. Kuwatokomeza kisiwa kwa kisiwa na kurudisha miti ya asili kunahitaji watu wa kukaa pale na kulinda.

Ninachokihofia mimi ni joto. Mwaka 2015 na 2016 maji yalipata joto kupita kiasi, matumbawe mengi yakapauka na kufa, na visiwa vya nje, yaani vile vingine mbali na Diego Garcia, havikuwa na kijiji hata kimoja. Ardhi yenyewe sehemu kubwa haifiki mita mbili juu ya bahari. Hapo anayetaka kurudi anastahili kuelezwa ukweli wote, kisha aamue mwenyewe.

Sasa nyinyi mnaotetea mazingira: mbona hamdai kambi nayo iondoke? Meli za kivita na ndege zinavumilika, ila familia chache za wavuvi kule Peros Banhos, kundi mojawapo la visiwa hivyo vya nje, hazivumiliki kwa sababu gani hasa?